Noti ya Lazarus

Jumamosi, 1 Machi
Jua. Vumbi hadi kwenye meno.

Daftari hili nililinunua nikidhani lina mistari ya muziki. Halina, basi nitaliandikia maneno. Hali ya hewa itatangulia kila siku. Baba yangu alipima mvua kwenye shamba la miwa kwa miaka thelathini, na mimi sijui kuandika tarehe bila kuandika mbingu yake.

Leo tumeanza mazoezi. Tarehe 31 Mei, saa tisa alasiri, bendi ninayoiongoza hapa Mutuini itapiga kazi yangu, "Njia ya Maji", katika ukumbi mmoja mjini Nairobi. Ni mara ya kwanza kupigwa na huenda ikawa ya mwisho. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na mmoja, na sitaandika tena muziki wa dakika ishirini na sita kwa watu arobaini. Huu umenichukua miaka kumi na mmoja. Majirani zangu kwa muda huo wamejenga nyumba za kupangisha hadi ghorofa ya tatu.

Moyo wa kazi yote ni dakika mbili katikati, pale bendi inaponyamaza na yufoniamu ikaimba peke yake juu ya klarineti tatu. Yufoniamu ni kile chombo kikubwa cha shaba kinachopakatwa kama mtoto, chenye sauti ya mwanamume mpole. Dakika hizo mbili nilimwandikia mtu mmoja. Lazarus ni mlinzi wa lango katika nyumba moja ya Lavington. Nilimsikia mara ya kwanza kwenye mazishi hapa Mutuini, akipiga chombo kilichozibwa matundu kwa plasta ya kidonda. Nikarudi nyumbani nikaandika hadi sufuria ya maharagwe ikaungua. Hasomi noti za mistari, kwa kuwa kwao upande wa Kakamega alifundishwa do-re-mi katika bendi ya kanisa. Kwa hiyo karatasi zake nazinakili upya kwa mkono wangu, do-re-mi kuanzia juu hadi chini. Hakuna mwingine ninayemfanyia hivyo.

Sasa amepata chombo kipya. Ni kipya kwetu tu, maana kimetoka ng'ambo, zawadi ya mjane ambaye marehemu mumewe alikirithi kwa babake. Kimepakwa fedha, maua yamechorwa kwenye ukingo wake, na mwaka umeandikwa hapo hapo: 1931. Niliusoma mwaka huo kwa sauti mbele ya bendi nzima, nikamkabidhi, tukapiga makofi. Lazarus alikipakata.

Jumamosi, 8 Machi
Jua.

Lazarus anapanda. Kupanda, kwetu sisi, ni sauti kukaa juu kidogo ya noti inayotakiwa. Si noti nyingine, ni ileile ila imekaa upande, kama picha iliyopinda ukutani. Alianza vizuri, na baada ya nusu saa akaanza kupanda, na mpaka mwisho akawa anapanda tu.

Wakati wa chai alinijia, kofia mkononi. "Mwalimu, hii chombo iko juu kidogo."

Nikamwambia chombo hakipandi, mtu ndiye hupanda. Waliokuwa karibu wakacheka. Mimi mwenyewe niliipenda hiyo sentensi, nikairudia njiani kwenda nyumbani.

Jumanne, 11 Machi
Joto.

Karen. Ni mtaa ninakofundisha; wanafunzi watatu wa klarineti. Aliyekuwa amefanya mazoezi ni mmoja tu, mbwa wa nyumba, kwa kubweka.

Jumamosi, 15 Machi
Mawingu, baridi kidogo.

Lazarus alikaa kwenye noti saa mbili nzima. Nilimwambia, unaona sasa? Akasema ndiyo, Mwalimu.

Jumamosi, 22 Machi
Jua kali.

Amepanda tena.

Alhamisi, 27 Machi
Mvua ya kwanza, saa kumi alasiri. Ilinyesha bila salamu.

Jumamosi, 29 Machi
Mvua tangu alfajiri. Baridi.

Nusu ya bendi ilikwama kwenye matope. Lazarus alikuja na bodaboda, chombo kimefungwa kwa mifuko miwili ya nailoni na yeye mwenyewe hana hata mfuko mmoja. Akajipangusa uso, akaketi, akapiga zile dakika mbili.

Sijui niandikeje. Ndivyo nilivyozisikia kichwani mwangu miaka kumi na mmoja iliyopita, maharagwe yakiungua. Nyokabi, anayeongoza klarineti zangu, alisahau kuingia. Nyokabi nimemfundisha tangu akiwa na miaka kumi na minne, sasa ni mhudumu wa duka la dawa na mama wa mtoto mmoja, na hajawahi kusahau kuingia. Nilisimama pale na kijiti changu na macho yakanijaa machozi, nikasingizia baridi.

Kumbe anaweza. Basi anapokosea ni kwa kupenda.

Jumamosi, 5 Aprili
Jua baada ya mvua. Mabati yanatoa mvuke.

Amepanda tena, na safari hii vibaya. Nilimtazama kwa jicho ambalo wanafunzi wangu wote wanalijua. Hakulitazama. Amepata chombo cha fedha, nikafikiri, na kichwa kimekuwa cha fedha pia.

Fidel, anayepiga tromboni na kuuza misumari dukani Kawangware, alinivuta kando. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hawa walinzi wengine hutumia vitu ili wasisinzie kazini, na vitu hivyo huharibu sikio. Sikumuuliza amejuaje. Lakini maneno niliyachukua.

Jumamosi, 12 Aprili
Mvua. Vidole vya wapigaji vilikufa ganzi.

Lazarus hakupanda. Leo hakuwa ametumia, nadhani.

Jumamosi, 19 Aprili
Mvua. Pasaka, hakuna mazoezi. Nilinakili karatasi za ngoma, nikala mkate mtupu.

Jumamosi, 26 Aprili
Jua. Siku ya kwanza bila mvua baada ya siku tisa, na ukumbi wa kanisa ulikuwa tanuri.

Nitaandika yote, kwa mpangilio yalivyotokea.

Everlyn, mkewe Lazarus, alikuja kutusikiliza kwa mara ya kwanza. Alikuwa amevaa vizuri, amebeba chupa ya chai na mandazi yaliyofungwa kwa taulo, akaketi benchi la nyuma. Lazarus alinionyesha mkewe kwa mkono. Nikampungia, nikaanza.

Tulipofika kwenye dakika zake mbili, Lazarus alipanda. Nikasimamisha bendi. Nikamwambia Nyokabi atoe noti, na Lazarus aitoe baada yake, peke yake. Akaitoa. Juu. Nikasema tena. Juu. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, kama vile mtu anavyomhesabia mtoto. Tulifika tisa. Hakuna aliyekuwa anapumua ukumbini isipokuwa yeye, na ya tisa ilikuwa juu kuliko ya kwanza.

Hapo nikamuuliza, mbele ya watu arobaini na mkewe, kama alikuwa amekunywa kitu kabla ya kuja.

Lazarus alijipangusa mdomo kwa kiganja. Mdomo ulikuwa umepasuka, na palikuwa na damu kidogo kwenye ile fedha. Alitumia leso kuifuta damu ya chombo kwanza, kisha yake.

"Mwalimu, miezi miwili nimekuwa navuta hii sauti chini na mdomo," alisema. "Leo mdomo imekataa."

Nilimjibu kwamba mdomo unaokataa hupumzishwa. Nikasema dakika mbili za katikati zitapigwa na Fidel kwa tromboni. Lazarus akaikunja karatasi yake ya do-re-mi, akaiacha kwenye stendi, akakilaza chombo ndani ya sanduku lake na kubana vifungo viwili, kimoja, kingine. Everlyn alisimama, akachukua chupa ya chai ambayo haikuwa imefunguliwa, wakatoka pamoja.

Tuliendelea hadi saa kumi na moja. Nyokabi alipiga kila kitu sawasawa na hakunitazama hata mara moja.

Jumapili, 27 Aprili
Mvua. Nilienda kanisani. Sikuimba.

Jumamosi, 3 Mei
Mvua.

Fidel hakukosea noti hata moja. Alipiga kama mtu anayesoma risiti.

Jumanne, 6 Mei
Mvua, kisha mawingu.

Nyokabi alikuja nyumbani akitoka kazini, amebeba lile sanduku. Lazarus alimwachia dukani, akasema apewe mtu mwingine. Kitambaa cha kufutia kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi. Nilimkaribisha chai.

"Hapana, asante," alisema. "Mwalimu, mimi umenipigia kelele miaka kumi na tano na sijawahi kuwa na shida na wewe, sababu nilijua unanifunza. Ile ya juzi hukuwa unafunza mtu."

Akaenda. Ameniacha na sanduku mezani na birika linachemka.

Jumatano, 7 Mei
Jua.

Nilifungua sanduku saa nane mchana ili nikisafishe chombo kabla ya kukitafutia mpigaji mwingine. Katika kila chombo cha namna hii kuna bomba dogo lililopinda ambalo huvutwa nje ili sauti ishuke, na kusukumwa ndani ili ipande. Kwa kawaida huvutwa upana wa kidole kimoja. Hili lilikuwa limevutwa hadi ukingoni kabisa, kiasi kwamba lingeanguka, na ili lisianguke lilikuwa limezungushiwa uzi mweusi wa kushonea, mizunguko mingi, na fundo dogo safi. Uzi ulikuwa umechakaa. Ulikuwa wa siku nyingi.

Nilifikiri, ona sasa, hata kuvuta bomba hajui. Nikakata uzi, nikalisukuma mahali pake, nikapiga. Ujanani nilikuwa mpiga tarumbeta na bado noti ndefu naiweza. Nikaweka simu mezani, ile programu ya kupimia sauti imefunguliwa. Sindano ikaenda kulia na kugota. Nikapiga tena. Nikapiga mara tisa. Noti haikuwa hapa wala pale, ilikuwa katikati ya noti moja na inayofuata, mahali ambapo bendi nzima haina mtu.

Kisha nikauona ule mwaka kwenye ukingo. 1931.

Ninajua jambo hili. Nimelifundisha. Niliwahi kuliandika ubaoni kwa chaki, mbele ya darasa la walimu: bendi za zamani za Uingereza zilikuwa na kipimo chao cha sauti, cha juu kuliko hiki tunachotumia leo, na vyombo vya wakati ule havikubaliani na vya sasa mpaka mabomba yake yarefushwe. Nilitoa mtihani kuhusu hilo. Aliyekosa nilimkata alama.

Nikafungua daftari hili. Tarehe nane, jua, anapanda. Kumi na tano, baridi, sawa. Ishirini na mbili, jua kali, amepanda. Ishirini na tisa, mvua, machozi yangu mwenyewe. Tano Aprili jua, kumi na mbili mvua, ishirini na sita jua. Shaba ikipoa sauti hushuka, ikipata joto hupanda; hilo nalo nalijua. Siku za baridi mvua ilikuwa inamsaidia. Siku za jua alibaki peke yake na mdomo wake, akikokota kwa nyama ya uso tofauti ambayo inahitaji bomba. Na aliniambia. Mwezi wa tatu, kofia mkononi, aliniambia kwa maneno matano.

Yote yameandikwa hapa kwa mkono wangu. Baba angeliona wiki ya pili.

Ninaona aibu. Nimekaa na hilo neno tangu saa nane na sijapata lingine.

Alhamisi, 8 Mei
Mvua nyepesi.

Nilipeleka chombo kwa Ndambuki, fundi wa shaba pale karibu na Dagoretti Corner, ambaye hutengeneza mabomba ya maji na vikombe vya washindi. Nilimweleza kwamba lile bomba lirefushwe sentimita nne kila upande. Alilizungusha mkononi akanusa, akasema, "Hii tutaongezea, mathe. Ni ya babu lakini iko sawa." Akaona mabaki ya uzi. Akauliza nani alikuwa amefunga hapa.

Nikasema mpigaji wake.

"Huyo alikuwa anajua shida iko wapi," akasema Ndambuki, akaanza kutafuta msumeno.

Jumatatu, 12 Mei
Mawingu.

Nilienda Lavington kwa miguu kutoka barabara kuu, ili nipate muda wa kupanga maneno. Yote yaliniishia langoni.

Lazarus alifungua kile kidirisha, akaniona, akafungua mlango mdogo. Alikuwa na sweta ya kazi na kovu jeusi katikati ya mdomo. Hakuniamkia kwa jina. Alinipa daftari la wageni na kalamu iliyofungwa kwa kamba. "Andika hapa, Mwalimu."

Jina: Peres Obuya. Kitambulisho, simu. Unamwona nani: Lazarus. Safu ya mwisho ilikuwa sababu ya kuja. Kalamu ilisimama hapo. Nimeandika kurasa elfu za muziki na sikuwahi kuwa na karatasi ngumu kama ile. Niliandika: kuomba msamaha.

Aliligeuza daftari akasoma polepole. "Hapa watu huandika tu *visit*," alisema.

Nikamweleza habari ya chombo, mwaka, kipimo cha zamani, bomba, Ndambuki. Nilieleza mengi kuliko ilivyohitajika, kama kawaida yangu ninapoogopa. Alisikiliza mikono ikiwa nyuma. Gari likaja, akafungua lango, akapiga saluti, akafunga, akarudi mahali pake mbele yangu.

"Nilikuambia mwezi wa tatu."

"Uliniambia."

"Ukasema mtu ndiye hupanda."

"Nilisema."

"Na ile swali ya kunywa." Alitazama lango, si mimi. "Mimi sijaonja pombe tangu nioe. Everlyn alilia njia yote mpaka nyumbani. Si juu ya chombo."

Nilimwambia naomba unisamehe. Kisha akasema jambo ambalo ninaliandika jinsi alivyolisema.

"Hapa kwa geti hakuna mtu anasikia, Mwalimu. Yangu nimesamehe, imeisha. Lakini zile maneno ulisema kwa hall. Ya Everlyn iko huko kwa hall."

Akachukua kalamu, akanijazia saa ya kutoka.

Alhamisi, 15 Mei
Mvua. Karen. Leo hata yule mbwa hakufanya mazoezi. Chombo kiko tayari. Sindano inasimama katikati.

Jumamosi, 17 Mei
Mvua kubwa.

Everlyn alikuwepo. Benchi lilelile la nyuma, mikono mitupu, bila chupa ya chai. Lazarus hakuja, yuko zamu.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Jumatatu. Mvua ikaanguka juu ya mabati kwa kishindo ambacho mtu hasikii hata ngoma kubwa. Naandika ukweli: nilifurahi. Nilijiambia siwezi kusema kitu sasa, hawatasikia, nitasema wiki ijayo. Nikainua kijiti tukapiga sehemu ya kwanza ndani ya ule mvumo. Nilipogeuka, Everlyn alikuwa amesimama, anafunga koti.

Nikateremsha mikono. Bendi ikanyamaza kwa vipande vipande. Nikasema kwamba nilimkosea Lazarus. Wa nyuma hawakusikia. Mpiga ngoma akaweka mkono sikioni, akapaza sauti, "Rudia, Mwalimu."

Basi nikarudia kwa kupiga kelele. Mimi ninayewaambia watu kila wiki kwamba kelele si muziki, nilipiga kelele kwamba chombo ndicho kilichokuwa juu, kwamba Lazarus aliniambia nikamcheka, kwamba nilimuuliza swali la kumdhalilisha na halikuwa na msingi, kwamba hakukuwa na mlevi humu ndani isipokuwa mimi na kiburi changu. Ilibidi niseme mara tatu kabla watu wote arobaini hawajasikia. Fidel alikuwa anatazama viatu vyake. Mara ya tatu sauti yangu ilikatika katikati.

Everlyn alikuja mbele, akipita kati ya viti. Nilitegemea angesema kitu. Aliuliza tu kama chombo kimetengenezwa. Nikamwonyesha. Akalichukua sanduku kwa mikono miwili, akafungua mwavuli, akaondoka nalo.

Hakusema kama Lazarus atarudi. Zimebaki wiki mbili.

Jumatano, 21 Mei
Mvua asubuhi. Hakuna habari.

Jumamosi, 24 Mei
Mawingu.

Amekuja. Aliingia kabla ya wote, nikamkuta ameketi mahali pake anapasha chombo pumzi. Fidel alimrudishia karatasi ya do-re-mi kabla sijasema lolote, akamwambia kitu sikioni kwa muda mrefu. Lazarus akamgusa bega.

Tukafika kwenye zile dakika mbili. Akapiga. Alikuwa chini.

Nilisikia vibaya, nikafikiri. Hapana, alikuwa chini kabisa, wazi. Miezi miwili mdomo wake umekuwa ukivuta sauti iteremke, na sasa chombo kiko sawa na mdomo bado unavuta. Haujui kwamba vita vimeisha. Niliona mabega yake yakipanda, yakingoja nihesabu moja.

Nikamwambia, "Nimesikia. Ni mimi niliyekufundisha hivyo."

Zimebaki siku saba. Mdomo wa mtu wa miaka hamsini na minne haubadiliki kwa siku saba.

Jumanne, 27 Mei
Jua na mawingu.

Nyokabi hupita kwake Lavington saa ya chakula cha mchana na klarineti yake, wanasimama nyuma ya kibanda cha mlinzi, anampa noti. Ameniandikia ujumbe: "Akianza yuko sawa. Akichoka anashuka."

Alhamisi, 29 Mei
Jua. Nyokabi ameandika: "Bado, Mwalimu."

Ijumaa, 30 Mei
Jua.

Fidel alipiga simu. Aliuliza kwa adabu kama ajiandae na zile dakika mbili, ikiwa tu. Nilimwambia nitampigia. Sikumpigia. Nikimwondoa Lazarus mara ya pili hakuna lango tena la kwenda kuandika jina langu. Nikimwacha na akashuka, watu mia nne watamsikia akishuka, na Everlyn atakuwa kati yao. Klarineti zikibaki juu, yeye ataonekana mkosaji, na sivyo. Nimezunguka hapo tangu asubuhi, sijala.

Jumapili, 1 Juni
Jua kali, leo na jana.

Jana ukumbi ulijaa zaidi ya nusu. Feni zilikuwa hazifanyi kazi. Nilivaa gauni langu la bluu na viatu vinavyonibana.

Kila bendi kabla ya kuanza huchukua noti moja kwa mtu mmoja, na wengine wote hujipima kwake. Kwetu mtu huyo ni Nyokabi, imekuwa hivyo miaka tisa. Aliinua klarineti mdomoni. Nikainua mkono nikamzuia. Nilikuwa sijapanga, au nilikuwa nimepanga bila kujiambia.

"Leo noti tunachukua kwa Lazarus," nilisema.

Nyokabi alishusha klarineti, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili akatabasamu. Lazarus hakusogea. Nikamwambia apige pale mdomo wake unapopumzika, asitafute kitu. Akapiga. Noti ilitoka chini ya ilipo noti ya dunia, lakini ilikuwa imetulia na ilikuwa nene, haikutikisika.

Basi watu arobaini wakaanza kumfuata. Tarumbeta zikavuta mabomba yake, klarineti zikalegeza maungio, Fidel akasukuma tromboni yake nje na kusikiliza amefumba macho. Ilichukua karibu dakika tano. Watu ukumbini walianza kukohoa na kunong'ona, nadhani walifikiri tumepotea. Lazarus aliendelea kutoa ile noti, akavuta pumzi, akaitoa tena, kila mara mahali palepale. Mwisho sikusikia tena watu wengi. Nilisikia mmoja.

Tukapiga "Njia ya Maji". Zilipofika zile dakika mbili nilishusha mikono kabisa, kwa kuwa hakuna aliyenihitaji. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Hakupanda, wala hakushuka. Hakuwa na sababu ya kupigana na mtu, maana sote tulikuwa pale alipo. Alipiga kama alivyopiga kwenye yale mazishi, na nililia mbele ya watu wote, na safari hii hapakuwa na baridi ya kusingizia.

Baadaye, nyuma ya jukwaa, watu walikuwa wanakumbatiana na kutafuta masanduku yao. Nilikuwa nimeketi juu ya boksi la ngoma. Everlyn alikuja na chupa ya chai na mandazi ndani ya taulo. Kikombe cha kwanza alimpa mumewe. Cha pili alinipa mimi, akakishikilia pamoja nami mpaka nikanywa.